Tuwafundishe Watoto Kuunda Sauti, Wasiishie Kuzisikiliza



Wiki chache zilizopita nilikuwa nikifundisha tanakali za sauti katika darasa la kidato cha pili hapa Bwera. Somo lenyewe mnalijua. Kitu kikianguka majini, husema chubwi. Kikianguka mchangani, tifu. Kikianguka matopeni, tapwi. Na mtu akinyamaza kabisa, hunyamaza jii. Niliandika orodha ubaoni, kisha nikawataka wanafunzi waongeze sauti wanazozijua wao. Mmoja aliiga mlio wa bodaboda zinazosubiri abiria karibu na mpaka wa Mpondwe, mwingine akaiga mashine ya kusaga mahindi, na darasa zima likacheka. Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye familia yake ilihamia huku kutoka bonde la Kilembe, alipoinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, mto unapobeba mawe usiku, unasemaje kwa Kiswahili?"

Nikajaribu neno mngurumo. Akatikisa kichwa. Nikajaribu vishindo. Akatikisa tena. "Hayo ni majina ya sauti, Mwalimu," akasema kwa adabu. "Mimi nauliza sauti yenyewe."

Sikuwa na jibu. Wale wanaoijua wilaya ya Kasese wanaelewa kwa nini swali lile lilinyamazisha darasa. Mto Nyamwamba unashuka kutoka milima ya Rwenzori, unapita Kilembe na kuingia mjini Kasese. Mei 2013 ulifurika na kuangamiza watu na mali. Mei 2020 ulifurika tena, ukaiharibu hata hospitali ya Kilembe. Waliokuwapo husema kwamba kabla ya kuyaona maji, waliyasikia mawe.

Msichana yule alilijibu swali lake mwenyewe Jumamosi iliyofuata, kwa kompyuta. Jibu lake nitalieleza mbele kidogo, kwa kuwa ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Hoja yangu leo ni kwamba kila shule yetu yenye kompyuta, hata iwe nazo mbili tu, iwafundishe watoto kuunda sauti kwa kuandika programu, na kwamba jambo hili linamhusu mwalimu wa lugha na raia wa kawaida kama linavyomhusu mwalimu wa kompyuta.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Watu wengi wakisikia "muziki wa kompyuta" hufikiria kijana aliyevaa spika za masikioni akibonyeza vitufe vya rangi. Ninachokisema ni kazi nyingine. Mtoto huandika maagizo, mstari baada ya mstari, na kompyuta huyatii kwa kutoa sauti. Jambo hili lina umri mkubwa kuliko uhuru wa nchi yetu: mwaka 1957, katika maabara za Bell huko Marekani, mhandisi Max Mathews aliandika programu iliyoifanya kompyuta itoe wimbo mfupi wa sekunde 17. Siku hizo mashine moja ilijaza chumba. Leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta iliyochakaa.

Programu tunayoitumia sisi inaitwa Sonic Pi. Ilibuniwa na Sam Aaron katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kuanzia mwaka 2012, kwa ajili ya wanafunzi wa shule. Haiuzwi, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Kila sauti ya ngazi ya muziki ina namba yake. Namba 60 ni ile noti iliyo katikati ya kinanda, na namba 69 ni noti inayotikisa hewa mara 440 kwa sekunde. Ukitaka kusikia noti unaandika neno la amri na namba. Ukitaka ukimya kati ya noti mbili, unaandika neno la Kiingereza lenye maana ya kulala, na muda wake. Siku ya kwanza mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini sauti inalala badala ya kunyamaza. Nilifurahi, kwa maana lile lilikuwa swali la lugha, na hakuna mtihani uliokuwa umemlazimisha kuliuliza.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapopata kazi. Programu ya namna hii ni maandishi yenye sarufi kali. Kila mstari uko katika hali ya kuamrisha: piga, nyamaza, rudia. Mtoto akisahau nukta au akipanga maneno vibaya, kompyuta hukataa. Akirudia kundi la maagizo mara nne, ametumia takriri. Zaidi ya hayo, watoto wetu huhesabu mizani katika somo la ushairi na kulalamika kuwa ni kazi kavu. Mshororo wa shairi la tarbia, kwa kawaida, una mizani 16, yaani minane ya ukwapi na minane ya utao. Niliwaambia waandike mdundo wa mapigo 16 wenye pumzi fupi baada ya pigo la nane, kisha wausome ubeti wao wenyewe juu ya mdundo huo. Waliopungukiwa na silabi moja walijigundua papo hapo, bila kalamu yangu nyekundu. Kwa miaka mingi nimesahihisha mizani kwa macho, na sikio la mtoto lingaliweza kuifanya kazi hiyo.

Lakini mdundo ni mlango tu. Kiini cha jambo ni ubunifu wa sauti, yaani kuamua sauti iweje. Kwa nini ngoma na filimbi hazifanani hata zikipiga noti ileile? Sababu moja ni umbo la sauti katika wakati. Sauti huinuka, hushuka kidogo, hudumu, kisha hufifia. Ngoma huinuka ghafla na kufifia upesi. Filimbi huinuka taratibu na kudumu kadiri pumzi inavyoruhusu. Katika programu, mtoto huzipa hatua hizo namba, akabadilisha, akasikiliza, akabadilisha tena. Hujifunza kwamba mara mbili ya 220 ni 440, na kwamba sikio lake litazitambua noti hizo mbili kuwa ndugu. Huo ni uwiano wa hesabu. Ni fizikia pia.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya pekee. Kaskazini mwa nchi yetu, katika mji wa Gulu, watayarishaji kama Leo PaLayeng na waimbaji kama Otim Alpha waliuchukua muziki wa harusi wa Waacholi, ambao huhitaji kundi kubwa la wapigaji na wachezaji, wakaujenga upya kwa kompyuta wakati ambapo familia zilizotoka vitani hazikuwa na uwezo wa kulipa kundi zima. Mwaka 2017 nyimbo za Otim Alpha zilitolewa katika albamu iliyosikilizwa mbali na Afrika. Jijini Dar es Salaam, vijana wa mitaa ya uswahilini waliunda singeli, muziki ambao mapigo yake huweza kupita 200 kwa dakika, katika studio ndogo zenye vifaa hafifu. Walitumia programu za aina nyingine, tofauti na hii ya kuandika maagizo, lakini njia yao ya kujifunza inanifikirisha: kwa sehemu kubwa walifunzana wao kwa wao, nje ya darasa. Najiuliza ni watoto wangapi wenye masikio kama yao waliopita mikononi mwetu sisi walimu tukawaambia wanyamaze.

Sasa niseme jambo linalonigusa zaidi, kwa kuwa hatari iko ndani ya dawa hiihii. Kompyuta huja na sauti zake, na sauti hizo zimepangwa kwa ngazi ya kinanda cha Kizungu, yenye hatua 12 zinazolingana. Mtoto wa Bwera akizizoea hizo peke yake, atafika mahali aione endara kuwa chombo kilichokosewa. Endara ni marimba kubwa ya Bakonzo; pau zake za mbao hulazwa juu ya magogo ya migomba, na wapigaji kadhaa huipiga kwa pamoja, kila mmoja akijaza nafasi aliyoachiwa na mwenzake. Pau zake hazikuchongwa kwa kufuata kinanda. Zilichongwa kwa kufuata sikio la mchongaji.

Tulipojaribu kuinakili endara katika klabu yetu, namba kamili zilishindwa. Namba 62 ilikuwa chini mno, 63 juu mno. Bahati nzuri programu hukubali desimali, na mvulana mmoja aliandika 62.4, akasikiliza, akasahihisha, hadi akaridhika. Mzee mmoja mpigaji tuliyemwalika alisikiliza akiwa amefumba macho. Akasema pau ya tatu bado "ina mafua". Wakairekebisha mbele yake. Siku ile sikuwa na la kufundisha. Nilikaa pembeni nikitazama mzee asiyewahi kugusa kompyuta akiwa mwalimu wa wanafunzi wa kompyuta.

Na hapo likaibuka somo la uraia ambalo sikuwa nimelipanga. Wanafunzi walitaka kurekodi endara ya Mzee kwa simu na kuitumia katika wimbo wao. Je, sauti ile ni ya nani? Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006, na mpigaji ana haki zake juu ya kile alichokipiga. Tukakubaliana kwamba aombwe ruhusa waziwazi, aelezwe sauti yake itatumika wapi, na jina lake litajwe kila wimbo unapopigwa. Mzee alikubali kwa sharti moja: aletewe wimbo ukikamilika ausikie kabla ya watu wengine. Huo ndio mkataba bora wa haki za msanii niliowahi kuushuhudia, na uliandikwa na watoto katika karatasi ya daftari.

Tukumbuke pia kwamba sauti hufa kama watu wanavyokufa. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, pamoja na uchimbaji wa shaba wa Kilembe. Wazee wa mjini bado wanaikumbuka honi ya treni. Mtoto wa leo hajaisikia kamwe. Katika miaka ya 1940 na 1950 Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchi akirekodi muziki. Leo nakala za kazi yake zimo katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Makerere. Ni hazina, nasi tunashukuru. Lakini kwa nini kila kizazi kisubiri mgeni aje na mashine? Mtoto aliyefundishwa kusikia sauti, kuipima na kuihifadhi ni mlinzi wa urithi ambaye hatumlipi mshahara.

Najua pingamizi. Nimezisikia katika mkutano wa wazazi, na hazikusemwa na wajinga. Mzazi mmoja alisimama akaniambia: "Mwalimu, mwanangu anasoma kitabu kimoja na wenzake watano. Wewe unataka kununua kelele?" Watu walipiga makofi, na sikuona sababu ya kukasirika. Palipo na shilingi moja tu, na pawe na kitabu. Sitetei kununua kompyuta mpya wakati paa linavuja.

Hata hivyo, mara nyingi kompyuta zipo tayari. Katika shule moja niliyofundisha zamani, chumba cha kompyuta kilifungwa kwa kufuli mihula miwili mizima, kwa hofu kwamba watoto wangeziharibu mashine. Zikaharibiwa na vumbi. Fedha za wazazi zilikuwa zimekwisha kutumika, na waliofaidika ni buibui. Ninachokiomba hapa ni ufunguo, na ufunguo hauhitaji bajeti. Kuhusu intaneti, kumbukeni kwamba tangu Julai 2021 data nchini hutozwa ushuru wa asilimia 12. Ndiyo maana nasisitiza programu inayofanya kazi bila kuunganishwa. Kuhusu kelele, spika moja ndogo inatosha, na wanafunzi hupokezana.

Pingamizi la pili ni kwamba muziki si somo la mtihani. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, umeweka sanaa za maonyesho na teknolojia ya habari katika masomo ya kuchagua, na Kiswahili katika masomo ya lazima kwa vidato viwili vya kwanza. Mtaala huohuo unawataka wanafunzi wafanye miradi, yaani watengeneze kitu kinachotumika. Basi mradi wa sauti unaweza kuingia kupitia somo lolote kati ya hayo. Nasi tulikwisha kuona thamani ya sauti katika elimu. Shule zetu zilipofungwa Machi 2020, nazo zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022 tu, watoto wengi wa vijijini walitegemea masomo ya redioni. Sauti ilikuwa shule yao. Walioyatayarisha masomo yale kwa haraka watakubali kwamba tulikosa watu wanaojua kuifanya sauti ivutie sikio la mtoto kwa nusu saa.

Pingamizi la tatu halisemwi mkutanoni, nami nalitaja kwa uangalifu. Watoto wa mpaka huu wamesikia sauti ambazo mtoto hapaswi kuzisikia. Juni 2023, shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe ilishambuliwa usiku, na wanafunzi wengi wakauawa. Kuna wanaosema: waacheni watoto hawa wapate utulivu, msiwachezeshe na sauti. Sitadai kwamba programu ya kompyuta huponya jeraha la namna ile. Haiponyi. Ninachoweza kusema ni kile nilichokiona: hatujawahi kumlazimisha mtoto yeyote kuunda sauti asiyoitaka, na kila mtoto hujua kwamba kitufe cha kuzima kiko chini ya kidole chake. Katika maisha sauti humjia mtoto bila ruhusa. Pale chumbani, yeye ndiye huamua ianze lini, iwe kubwa kiasi gani, na ikome lini.

Hilo linanirudisha kwa msichana wa Kilembe.

Jumamosi ile alikaa peke yake kwenye kompyuta ya pembeni karibu saa mbili. Alianza na ule uvumi wa programu unaofanana na redio isiyoshika stesheni. Akauchuja, akaondoa sauti nyembamba hadi ukabaki uvumi mzito wa chini. Hayo yakawa maji. Kisha akaongeza vishindo vya noti za chini kabisa, akavipanga kwa muda uleule, kimoja kila nusu sekunde. Akasikiliza, akakunja uso. "Mawe hayaendi kama saa," akasema. Nikamwonyesha amri inayoiachia kompyuta ichague muda bila mpangilio. Akaijaribu, akapunguza, akaongeza. Hatimaye akatuita tusikilize.

Hakuna aliyesema neno. Nilisoma maandishi yake kwenye kioo cha kompyuta. Programu humruhusu mwandishi kuweka maelezo yake kando ya maagizo, kwa lugha yoyote, nayo kompyuta huyapuuza. Pembeni ya mstari wa vishindo alikuwa ameandika kwa Kiswahili: *hapa mawe yanabingirika*. Na chini, pembeni ya mstari wa mwisho uliofifisha sauti taratibu kwa sekunde ishirini: *hapa tumefika juu*.

Baadaye mwenzake alimuuliza kama sauti ile ingeweza kutumiwa kuwaonya watu wa bondeni, ipigwe kwenye spika mto unapoanza kupanda. Wakabishana muda mrefu. Mmoja alisema sauti ya onyo isifanane na hatari yenyewe, watu wasije wakachanganyikiwa. Mwingine akasema watu hukimbia upesi zaidi wanapoitambua sauti. Walikuwa wanafunzi wa kidato cha pili, wakijadili usalama wa umma kwa hoja, kwa Kiswahili, bila kuamriwa na mtu. Kama hiyo si elimu ya uraia, basi sijui tunafundisha nini.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wakuu wa shule wenye vyumba vya kompyuta vilivyofungwa, vifungueni, hata kwa saa mbili za Jumamosi. Walimu wenzangu, waalikeni wazee wa endara na wa filimbi wakae karibu na mashine, wasiachwe kuwa mapambo ya siku ya sherehe. Na ninyi wanafunzi wa Kiswahili, popote mlipo, tusaidieni kuyapata maneno. Katiba yetu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Lugha haiwi rasmi kwa kuandikwa katika ibara tu. Huwa rasmi siku ambayo mtoto anaweza kuelezea ndani yake kile anachokitengeneza kwa mikono yake.

Swali lile la mto bado liko ubaoni mwangu. Nimeliacha makusudi. Neno bado hatuna, sauti tunayo.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Taja sauti moja ya mahali unapoishi ambayo haina tanakali katika Kiswahili unachokijua. Ungeiandikaje?
2. Je, onyo la hatari lifanane na sauti ya hatari yenyewe, au liwe tofauti? Toa sababu mbili.
3. Mwanafunzi amemrekodi bibi yake akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Anapaswa kufanya nini kabla ya kuutumia wimbo huo katika kazi yake?